Nipeni Mikro Dhaifu

Kila kinachouzwa Butembo kina nguvu. Tochi ina nguvu, redio ina nguvu, sabuni ina nguvu, mafuta ya kupaka yana nguvu, na dawa ya panya ina nguvu hadi muuzaji anakuonya usiitazame sana. Mtu akiingia dukani kuulizia kitu kisicho na nguvu, anatazamwa usoni, halafu mfukoni, halafu anaulizwa ametumwa na nani. Mimi ndiye mtu huyo. Natafuta mikro dhaifu ya gitaa, ya kuweka shingoni, na kutoka kwetu Mabalako hadi Kampala sijampata binadamu aliye tayari kuniuzia udhaifu.

Kwa wasiopiga gitaa, na nawaonea wivu: gitaa la umeme kama letu halina tumbo la kutolea sauti. Ni ubao. Kinachozisikiliza nyuzi ni mikro, yaani sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa ndani ya waya, unatembea mpaka kwenye ampli, na ampli inamwamsha jirani. Gitaa letu la kwaya lina mikro mbili. Moja iko karibu na daraja, kule nyuzi zinakofungwa, na sauti yake ni kali. Hiyo ndiyo ya seben, ile sehemu ya haraka ya kucheza. Nyingine iko karibu na shingo, sauti yake ni ya upole, na ndiyo ninayopigia ile sehemu ya mwanzo, waimbaji wanapokuwa bado wamefumba macho. Gitaa lenyewe limetoka China kwa umbo la Gibson Les Paul, jina lake lilishabanduka zamani, na mikro ya shingoni imekufa.

Ilitangazwa kufa na fundi wetu wa simu na redio, ambaye pia ndiye fundi wa magitaa kwa kuwa hakuna mwingine. Aliifungulia mezani kwake nje ya kibanda. Alibandua kifuniko cha bati kwa bisibisi ya simu, akakwangua nta, na ndani zikaonekana koili mbili zimelala ubavu kwa ubavu, moja nyeusi, moja rangi ya maziwa. Akagusisha ncha za tester. Koili nyeusi ikasoma karibu kilo-omu 4. Ya pili haikusoma kitu. Akaiinua juani akawa anaigeuza taratibu, mimi nimemwinamia begani, mpaka tukaona wote wawili: pembeni kabisa, pale waya unapotoka kwenda kuungana na mwenzake, ncha imekatika na kuota kutu ya kijani. Waya huo una unene wa milimita 0.06 hivi. Nywele zangu ni nene kuliko huo, hata hizi chache zilizobaki. Na kwa kuwa koili hizo zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikatika, ile nzima nayo haina pa kupitishia kitu.

"Papa, hii imekufa kabisa," akasema. "Lakini niko na waya ya motere ya feni. Nitaizungusha upya."

Nikamuuliza ataizungusha mara ngapi.

"Mpaka itajaa."

Kabla hamjamcheka, subirini kidogo. Mikro ya namna hii, yenye koili mbili, inaitwa hambaka. Iliundwa na Seth Lover, mhandisi wa Gibson huko Kalamazoo, jimbo la Michigan, aliyeomba hataza yake Juni 1955 na kuipata 1959. Wakati hataza inasubiriwa, na hata baada ya hapo, mikro hizo zilikuwa zikibandikwa karatasi ndogo kwa chini kueleza kwamba hataza imeombwa. Leo mikro moja yenye karatasi hiyo, peke yake, bila gitaa, inauzwa maelfu ya dola. Sasa sikilizeni jambo. Mashine za kuzungushia waya za kiwanda kile hazikuwa zikijisimamisha zenyewe kwa hesabu. Wafanyakazi walizisimamisha kwa macho, koili ikionekana imejaa. Ndiyo maana ni shida kupata mbili zinazolingana, na ndiyo maana watu wazima wenye pesa zao wanagombana mpaka leo ipi ni tamu zaidi. Mpaka itajaa! Mtu wa Kalamazoo asipohesabu, baada ya miaka 60 anaitwa mwenye mkono wa dhahabu. Fundi wetu asipohesabu anaitwa mzembe, tena na mama prezidanti wa kwaya, mbele ya watu.

Sikumpa kazi hiyo, lakini kwa sababu nyingine. Waya wa motere ya feni ni mnene, ungejaa kabla mikro haijajua kuwa imezaliwa upya.

Hebu tumalizane kwanza na huyo Lover, maana nina neno naye. Alichotaka kukiua ni mngurumo. Mikro ya koili moja inasikiliza nyuzi, lakini inasikiliza pia kila kinachotumia umeme jirani yake: taa, transfoma, motere. Lover akaweka koili mbili, akazigeuzia sumaku na kuzigeuzia mzunguko wa waya. Kelele ya nje ikiingia inaingia kote kuwili, na njiani inakutana na yenyewe imepinduliwa miguu juu, inajifuta. Sauti ya nyuzi, kwa sababu imepinduliwa mara mbili, inajumlishwa. Ni akili kubwa, sibishi. Ila Lover alikuwa na umeme wa Marekani, unaopiga mara 60 kwa sekunde usiku na mchana bila kulalamika. Wa kwetu, kwa kanuni, ni mara 50. Kanuni haijawahi kufika kwenye kibanda cha jenereta nyuma ya kanisa, ambako mapigo hutegemea petroli iliyobaki na kama kijana anayeilinda yu macho. Petroli ikikaribia kwisha, mngurumo unashuka nusu sauti, na wanaume wa sauti ya nne wanaufuata huko chini kwa imani.

Tena mngurumo mwingi wa kwetu hauingilii kwenye mikro kabisa. Unaingia kwa waya wa ardhi ambao haupo. Unaingia kwa plagi iliyokatwa mguu wa tatu ili iingie kwenye tundu la miguu miwili. Unaingia kwa inveta ya paneli za jua, ambayo komite ya kwaya iliinunua kwa sababu gani? Ina nguvu. Hapo hambaka haina la kufanya, hata ikiwa na karatasi chini, hata ikiwa imeguswa na Lover mwenyewe.

Sasa sumaku. Hambaka zinazoheshimika zina sumaku ya alniko, na jina hilo limeundwa kwa alumini, nikeli na kobalti. Kobalti, jamani. Ile ya Kolwezi. Alniko ya namba 5, ambayo kila muuzaji anaisifu, karibu robo ya uzito wake ni kobalti. Ya namba 2 ina kama nusu ya hiyo. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na ilikuwa ikiongoza tangu enzi za kampuni ya kikoloni ya Union Minière, wakati Lover ameinamia michoro yake. Waya nao ni shaba, Katanga tena. Mikro mpya ya jina inauzwa kama dola 100. Yaani udongo wa nchi yangu umepanda ndege, umekaa ng'ambo kidogo, na sasa natakiwa niulipie nauli ya kwenda na kurudi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siwezi kulisema hili hadharani bila mzee mmoja kunitajia mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda. Na ni kweli, historia imenigeuka. Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Bosco mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, katikati ya madini yaleyale. Bosco akapiga "Masanga" kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye gitaa la mbao lisilo na sumaku hata moja, na mpaka leo watu wa vyuo vikuu wanazisoma rekodi zake. Alikuwa amekalia kobalti ya dunia nzima na hakuhitaji gramu. Huyo mzee akinyamaza, mwingine anadakia na Franco, mpiga gitaa wa rumba, ambaye inasimuliwa alijifunzia kwenye gitaa la kujitengenezea, nyuzi zake ni waya wa umeme. Najua. Nimesimuliwa tangu sijaota ndevu. Lakini bendi yake ya OK Jazz ilipoanza mwaka 1956 Franco hakuja na nyaya za umeme, alikuja na gitaa la watu. Na Bosco hakuwahi kuwekwa kati ya kinanda cha umeme na jenereta, akaambiwa apige kwa utukufu.

Haya, kwa nini dhaifu? Hapa ndipo jamaa zangu wote wananiona nimeanza kuchanganyikiwa.

Uzi wa gitaa umefungwa darajani, kwa hiyo karibu na daraja unatikisika kidogo. Ukisogea kuelekea shingoni unapata nafasi, unatikisika kwa upana. Mikro iliyokaa pale, hata ikiwa pacha kabisa wa ile ya darajani, inapokea sauti kubwa zaidi na nzito zaidi. Haihitaji msaada wa mtu. Sasa ukiipa sumaku kali ya kauri na waya mwingi mpaka tester inasoma kilo-omu 14, umeongeza besi juu ya besi. Mtu aliye peke yake chumbani kwake, amevaa spika za masikioni, atakuambia ni tamu, na hakudanganyi. Kwake ni tamu. Mashindano ya nguvu yalianza mapema miaka ya 1970 pale New York, Larry DiMarzio alipouza mikro yake iitwayo Super Distortion, iliyokusudiwa kuichokoza ampli mpaka ipasuke sauti. Kwa rock ni jambo jema. Tangu hapo dunia nzima inapimana misuli, na mimi wa Mabalako nimeingizwa kwenye pigano nisilolijua.

Sisi tuna magitaa matatu: solo, mi-solo na akompa. Chini yake kuna besi, na juu ya yote kuna kinanda, ambacho kinakalia popote palipobaki wazi. Rumba ya Kongo, ile ambayo UNESCO iliiandika kwenye orodha yake ya urithi Desemba 2021, inasimama kwa magitaa kukwepana. Akompa anashika chini, mi-solo anazunguka katikati, solo anapita juu. Solo nikishuka na hambaka nene ya shingoni, namkuta mi-solo palepale alipo. Mi-solo anakimbilia kwa akompa. Akompa anapandisha sauti ili ajisikie. Kinanda kinapandisha ili kisishindwe. Mpiga besi wetu, kijana mpole sana, anaendelea kusogeza vidole lakini nadhani ameshaacha kupiga. Kinachowafikia waumini ni sombe: majani yamo, mawese yamo, vitunguu vimo, na hakuna anayeweza kukuonyesha kipi ni kipi.

Ninachotaka kinaeleweka. Koili zenye waya wa kiasi, zisome kilo-omu 7 hivi zikiwa mbili pamoja. Sumaku ya alniko ya namba 2, laini. Sauti nyembamba, wazi, noti moja isimame peke yake na inayofuata nayo isimame. Na ikipatikana sumaku ya namba 3 nitaichukua kwa furaha ya kizalendo, maana hiyo, ingawa inaitwa alniko, haina kobalti hata chembe. Itakuwa bidhaa ya kwanza ya kisasa nyumbani kwangu ambayo, tukiiacha shaba ya waya, haijachukua chochote kwetu.

Ushauri sikosi. Mpwa wangu anayefanya biashara ya vitenge kati ya Butembo na Kampala, ambaye aliwahi kupiga ngoma kwa muda, aliniambia nisihangaike na nguvu, niteremshe tu mikro kwa zile skrubu mbili za pembeni, iwe mbali na nyuzi. Ushauri mzuri, hauna gharama, na ningeufuata siku ileile kama mikro isingekuwa maiti. Mpiga akompa akasema ninunue yenye nyaya nne, niweke swichi, nizime koili moja nipate wembamba ninaoulilia. Sawa, lakini koili moja ikizimwa yote ya Lover yamezimwa nayo, jenereta inajiunga na kwaya. Fundi akasema tatizo si mikro, ni vitufe vya sauti, na hapo alikaribia kusema kweli, maana hambaka inataka kitufe cha kilo-omu 500 ili sauti za juu zisimezwe. Nikamuuliza anavyo? Akanionyesha cha kilo-omu 50, kilichotoka kwenye redio. "Lakini kinazunguka muzuri," akasema, akakizungusha kunithibitishia. Dada wa sauti ya kwanza wao wanataka yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, kwa sababu ya picha za Pasaka. Mi-solo hakusema kitu. Nimemchunguza. Tangu mikro ya shingoni ife, yule bwana ananawiri.

Nikashuka Butembo. Butembo ni mji wa wafanyabiashara wanaokwenda Dubai na Guangzhou na kurudi na makontena bila kubabaika, kwa hiyo usiniambie kitu hakipatikani pale. Kinapatikana, ila si lazima kiwe unachokitaka. Duka nililoelekezwa linauza ampli, spika, kamba za gitaa, mipira ya miguu na mashine za kunyolea. Kijana akatoa boksi chini ya meza. Juu ya boksi kuna picha ya fuvu la kichwa linalowaka moto.

"Papa, hii iko na nguvu sana."

"Naona. Mimi sitaki ya nguvu."

"Iko ya kauri, papa. Ya rock. Ukipiga, watu wanajua."

"Mimi niko na kwaya."

Akafikiri kwa dhati, nikaona anatafuta namna ya kunisaidia. "Basi kwaya itakuwa na nguvu."

Nikamuuliza kama ni ya shingo au ya daraja. Akasema iko jozi, ya shingo na ya daraja, haziachanishwi. Nikamwambia ya darajani ninayo, nzima, imekula chumvi nyingi kuliko yeye. Akasema basi hii nitaweka akiba. Nikatoa rula ya shule. Nyuzi shingoni zinakaribiana, darajani zinatawanyika, kwa hiyo skrubu za mikro ya shingoni, kutoka ya kwanza hadi ya sita, huwa kama milimita 49 au 50, na za darajani hufika 52 au 53. Nikapima zote mbili alizonazo: 52 na 52. Jozi ya daraja na daraja. Nilipomwambia, hakushtuka. "Ndiyo nguvu yenyewe hiyo, papa."

Nikajaribu Kampala kwa simu. Kampala wako saa moja mbele yetu, na ukipiga jioni wanafunga duka mdomoni mwako. Muuzaji alikuwa na adabu, alijua mambo, tukaelewana vizuri. Alinitajia ile ya Seymour Duncan iitwayo Jazz, ambayo wapiga gitaa wengi wanaisifu kuwa iko wazi shingoni, na ile ya '59 inayofuata mtindo wa zile za Gibson za zamani. Nilikuwa nimeanza kumpenda. Kisha akauliza mzigo unakwenda wapi. Nikasema kupitia Kasindi, Beni, mpaka Mabalako.

Kimya.

Najua kimya hicho. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na ilikuwa imeanzia Mangina, ndani ya eneo letu la afya la Mabalako. Mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Tulizika watu wetu bila kuwagusa. Tulinawa maji ya klorini mlangoni mwa kanisa na kuimba bila kupeana mikono ya amani. Hilo silifanyii mzaha na simruhusu mtu alifanyie. Ninachonung'unikia ni kwamba miaka yote hii imepita, na bado mtu wa Kampala akisikia jina la Mabalako anauliza, kwa sauti ya mbali kidogo na simu, kama pesa zitakuja kwa mtandao au kwa mkono.

Kwa mkono, ndugu. Tena kwa noti zilizochaguliwa, maana huku kwetu dola si dola mpaka ionekane imezaliwa juzi. Isiwe na mkunjo, isiwe na wino, isiwe na tundu la pini. Yenye mchaniko wa ukucha mmoja inarudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe anabaki nayo mpaka ampate mgeni.

Na noti zenyewe ziko kwa komite. Hapa inabidi nieleze habari ya kakao. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilivuka dola 10,000 kwa tani. Mkulima wa huku hakuziona zote hizo, zilikuwa na njia ndefu ya kupita, lakini aliona kiasi cha kumfanya atembee kifua mbele. Mabati mapya yaling'aa kila upande, pikipiki zikanunuliwa na watu wasiojua kuendesha, na sadaka ikapanda. Huo ndio ulikuwa wakati wa mikro. Nilisimama kikaoni nikaeleza kilo-omu, nikaeleza alniko, nikaeleza mambo ya magitaa kukwepana. Walinisikiliza kwa heshima, wakanunua spika kubwa kuliko mlango wa sakristia. Leo bei ya kakao imeshuka, spika iko ndani haitoki, na mimi nimerudi kikaoni kuomba tena.

"Papa Solo," mama prezidanti akaanza, na akianza kwa jina hilo ujue kalamu ameshaifunika. "Wewe unataka tununue kitu ya kufanya gitaa isikike kidogo?"

"Isikike vizuri, mama. Si kidogo."

"Na saa hii inasikika aje?"

"Kwa shingoni, saa hii haisikiki kabisa, mama."

"Basi si tumeshafika?"

Watu wakacheka. Mi-solo alicheka kuliko wote, na sikupenda. Nikawaambia kwamba ninapofika sehemu ya polepole inabidi niipigie kwenye mikro ya darajani, sauti inatoka kali, na ndiyo maana wazee wa benchi la mbele wanafumbua macho kabla ya wakati. Hoja hiyo iliwagusa, maana mmoja wa wazee hao alikuwa ndani ya kikao, naye akakubali kwa kichwa kwamba siku hizi hapumziki vizuri. Komite ikatoa nusu ya pesa. Nusu nyingine nitoe mimi, kwa sababu, walisema, ninayejua kinachotakiwa ni mimi peke yangu.

Nikamwandikia mpwa wangu karatasi kwa herufi kubwa, maana alikuwa anapanda Kampala kufuata vitenge: hambaka moja, si jozi, ya shingo, milimita 49 au 50, upime wewe mwenyewe kwa rula hii, alniko 2, ikishindikana 5 yenye waya kidogo, tester isome 7 au 8, isizidi, boksi lisiwe na fuvu wala moto, muuzaji akisema ina nguvu, toka dukani. Nikamfungia dola ndani ya daftari zisijikunje.

Jana jioni kanitumia sauti kwa simu. Nyuma yake nasikia honi za bodaboda na mtu anabisha.

"Mujomba, nimezunguka maduka yote. Dhaifu hawana, wanasema hakuna mutu anaulizaka. Lakini huyu moja anasema iko na moja ya nguvu, yenye imeharibika kidogo."

Nimemwambia aulize bei.